Uzito wa mwili kwenye dinki: kwa nini "songa mbele" ni nusu tu ya ushauri

Mchezaji mpya wa pikoboli (pickleball, mchezo wa wavu unaochezwa kwa padeli, yaani kibao bapa, na mpira wa plastiki) akifika uwanjani na kusema dinki zake, yaani mapigo laini ya karibu na wavu, zinamsumbua, ndani ya saa moja ataambiwa mambo manne yasiyopatana. Wa kwanza atamwambia auhamishie uzito mbele. Wa pili atamwambia atulie, asiyumbe. Wa tatu atasema ng'ang'ania mstari, usirudi nyuma hata hatua moja. Wa nne atasema ingia jikoni, yaani kwenye ukanda ulio karibu na wavu, uufuate mpira. Wote wanne wanasema kweli, na ndiyo maana mchezaji huyo anaondoka akiwa amechanganyikiwa kuliko alivyokuja. Kila ushauri unafaa kwa mpira wa aina fulani na kwa sehemu fulani ya pigo, lakini wanaoutoa hawasemi ni mpira upi wala ni sehemu ipi.

Msimamo wangu ni huu: kwenye dinki, uzito hauhamishwi ili kuupa mpira nguvu. Unahamishwa kabla ya pigo ili mwili ufike mahali pake, kisha unahamishwa tena baada ya pigo ili mwili urudi. Padeli inapogusa mpira, katikati ya safari hizo mbili, mwili unatakiwa uwe umetulia. Mengine yote yanatokana na hapo.

Tuanze na vipimo, maana ndivyo vinavyoamua. Pikoboli ilibuniwa mwaka 1965 katika kisiwa cha Bainbridge, jimbo la Washington nchini Marekani, na Joel Pritchard, Bill Bell na Barney McCallum. Walichezea kwenye uwanja wa badmintoni, na vipimo vya badmintoni ya wawili wawili vimebaki hadi leo: urefu wa mita 13.41 na upana wa mita 6.10. Wavu ndio ulioteremshwa. Sasa una sentimita 91 pembeni na 86 katikati. Kila upande wa wavu kuna ukanda wa mita 2.13 ambamo hairuhusiwi kuupiga mpira kabla haujadunda, na wachezaji huuita jikoni. Dinki ni pigo laini unalolipiga ukiwa karibu na ukanda huo, mpira ukavuka wavu na kuangukia jikoni kwa mpinzani.

Mpira wenyewe ni wa plastiki, una matundu, na hauzidi gramu 27. Haudundi sana. Kanuni zinataka ukiangushwa kutoka sentimita 198 juu ya jiwe gumu la graniti urudi sentimita 76 hadi 86, yaani asilimia 40 hivi ya kimo ulichotokea. Dinki nzuri hupanda hadi mita moja tu, kwa hiyo ikidunda huinuka kiasi cha sentimita 40. Hapo ni chini ya goti la mtu mzima, na wavu uko juu zaidi ya mara mbili. Kila dinki unayoipiga baada ya mdundo, basi, unaipiga kutoka chini kwenda juu, na usipokunja magoti itakubidi uinamishe mgongo na kichwa.

Tuseme unaugusa mpira ukiwa sentimita 30 kutoka chini, juu kabisa ya mstari wa jikoni, na unataka upite juu ya wavu kwa sentimita chache, kwenye kimo cha sentimita 95. Tuuache kando ukinzani wa hewa. Ukiupiga hivi kwamba kilele chake kinakuwa juu ya wavu wenyewe, utaanguka mita 2.6 ng'ambo, karibu nusu mita nje ya jikoni la mpinzani, mahali anapoweza kuudaka hewani, yaani kuupiga kwa padeli kabla haujadunda, na kuushambulia. Hewa itaufupisha kidogo, lakini si kiasi cha kukuokoa. Dinki inayofaa hufikia kilele ikiwa bado upande wako, na inavuka wavu ikiwa tayari inashuka. Mpira huo unakaa hewani kwa sekunde 0.8 hivi. Ukiuongezea mwendo wa mita moja kwa sekunde kwenda mbele, ambao ni mwendo wa mtu anayetembea polepole, utaanguka sentimita 80 zaidi. Jiko zima lina sentimita 213.

Nimeileta hesabu hiyo kwa sababu inajibu swali ambalo ushauri wa mdomo haulijibu. Mwili unaosonga mbele huibeba padeli, na mpira unaupokea mwendo huo hata kama mkono haukukusudia. Mchezaji analalamika kwamba mpira umeruka juu, anakwenda kurekebisha kifundo cha mkono, anabadilisha anavyoishika padeli, wengine hununua padeli mpya kabisa. Mkono wake ulikuwa sawa tangu mwanzo. Miguu ilikuwa bado inatembea.

Ushauri wa kusonga mbele umetoka wapi? Kwa sehemu kubwa umetoka kwenye tenisi, ambako uwanja una mita 23.77, mpira ni mzito, na mchezaji aliye nyuma kabisa anahitaji mwili mzima ili ausukume mpira hadi ng'ambo. Kule, kukanyaga mbele ndani ya pigo ni jambo la msingi. Mchezaji wa tenisi anapohamia pikoboli anakuja na zoea hilo, na linamsaidia sana anapopiga mpira wa nguvu kutoka nyuma. Akifika jikoni linageuka mzigo. Mchezaji wa badmintoni naye ana hatua ndefu ya mguu wa mkono wa raketi, ambayo ni hazina kubwa katika mchezo huu, ila mkono wake umezoea wavu wa mita moja na nusu na kupiga kwa kifundo. Wa badmintoni aendelee na miguu yake, akipumzishe kifundo.

Miguu inafanya nini mpira ukiwa bado haujaja

Simama sentimita tano hadi kumi nyuma ya mstari wa jikoni, miguu imepanuka kupita mabega, magoti yamelegea, uzito ukiwa sehemu ya mbele ya nyayo. Visigino vinaweza kugusa chini, lakini visibebe kitu. Mtu asiyeweza kukunja magoti sana, na wako wengi kwa kuwa mchezo huu unapendwa mno na wenye umri mkubwa, apanue miguu zaidi. Upana unaushusha mwili bila kuyatesa magoti, na ni suluhisho la kweli kabisa, si la kubahatisha.

Mpinzani anapokaribia kuugusa mpira, fanya kiruko kidogo cha miguu yote miwili, kidogo kiasi kwamba mtazamaji hatakiona. Utue wakati padeli yake inapogusa mpira. Kiruko hicho kinaugawa uzito sawasawa kwenye miguu miwili, na misuli inakuwa imejiandaa kusukuma kushoto au kulia. Bila hicho, mara nyingi uzito unakuwa umelalia mguu mmoja, na mpira ukija upande wa mguu huohuo itakubidi kwanza uuondoe uzito ndipo usogee. Muda huo haupo. Watu wawili waliosimama kwenye mistari ya jikoni wanatenganishwa na mita 4.27 tu.

Wengi hufanya kiruko hiki kwenye mpira wa kwanza, wakakisahau dinki za tatu, nne na tano, miguu ikaganda chini. Kwa maoni yangu, hapa ndipo panapowatenganisha anayeweza dinki tatu na anayeweza ishirini. Mikono yao haitofautiani sana. Ukiona mechi ya Ben Johns, mchezaji wa kulipwa wa pikoboli, jaribu kwa pointi chache kutoufuata mpira kwa macho. Angalia viatu vyake. Miguu haikai kimya kati ya pigo na pigo, na pigo lenyewe linapofika inatulia.

Mpira wa pembeni

Hapa nitakaa zaidi, kwa sababu dinki nyingi mbovu huzaliwa hapa. Tuseme unatumia mkono wa kulia na mpira unakwenda kulia kwako, mbali kidogo na mwili. Kosa la kawaida ni kunyoosha mkono na kuuegemea mpira huku miguu ikibaki ilipokuwa. Kichwa kinatoka nje ya miguu, uzito unaanguka kulia, na padeli inafunguka uso kuelekea juu. Mpira unapanda, na wewe huna njia ya kurudi.

Kinachotakiwa ni kusukuma kwa mguu wa kushoto na kusogea ubavu kwa hatua fupi, miguu bila kupishana, kisha mguu wa kulia utue nje, sambamba na mpira au kuupita kidogo. Mguu huo ndio breki. Goti lake linajikunja, nyonga inashuka juu yake, na sehemu kubwa ya uzito inakaa hapo. Hapo ndipo mkono unapofanya kazi: padeli iko mbele ya mwili, kiwiko mbele ya mbavu, mwendo unatoka begani, kifundo kimetulia. Ni pigo fupi. Huhitaji kuirudisha padeli nyuma kupita nyonga, kwa sababu mguu umekwisha kukupeleka ulipo mpira.

Baada ya kugusa, mguu uleule wa kulia unasukuma kurudi kati. Jambo hili hupotea watu wanapozungumzia kuhamisha uzito, kwamba mguu wa nje una kazi mbili, kusimamisha na kurudisha, na pigo linakaa katikati ya kazi hizo. Ukipiga ilhali uzito bado unakwenda nje, mpira utaufuata uzito wako nje. Ukipiga uzito ukiwa umesimama, au umeanza tu kurudi ndani, mpira unakwenda kwa urahisi kimshazari kuelekea kona ya ng'ambo. Njia hiyo ya mshazari ndiyo yenye nafasi kubwa kuliko zote. Kutoka kona ya jiko lako hadi kona ya jiko la mpinzani aliye mshazari ni mita 7.4, dhidi ya mita 4.27 za moja kwa moja, na mpira unavuka karibu na katikati ya wavu, mahali palipo chini kwa sentimita tano.

Upande wa pili, ule wa mgongo wa mkono, kanuni ni ileile kwa mguu wa kushoto. Wanaotumia mikono miwili upande huo, na siku hizi ni wengi miongoni mwa wachezaji wa kulipwa, wanafaidika kwa uthabiti wa padeli lakini wanapoteza urefu wa kufikia. Kwa hiyo miguu yao inalazimika kufanya kazi zaidi. Anayejifunza mikono miwili ili asisogee sana amekosea hesabu.

Mpira ukiwa mbali mno kwa hatua za ubavu, ruhusu mguu wa mbali upite mbele ya mwingine mara moja, kisha mguu wa nje utue kama kawaida. Kupishanisha miguu si dhambi. Kupiga mpira wakati imepishana ndiko kunakokuacha umejifunga.

Wakati wote huu kichwa kinabaki kwenye kimo kimoja. Mtu aliyebeba ndoo ya maji kichwani anatembea kwa magoti na nyonga, maji hayamwagiki. Dinki inataka mwendo wa namna hiyo. Kichwa kikipanda katikati ya pigo, bega linapanda nacho, padeli inapanda, na mpira unaishia kifuani kwa mpinzani. Baki chini hadi mpira wako uvuke wavu. Utasikia mapaja yakilalamika, na ni dalili njema.

Mpira mfupi, na kuingia jikoni

Mpira unaodunda karibu na wavu ndio unaohitaji uzito uende mbele kwa maana halisi. Wengi huogopa kuingia jikoni kwa kudhani ni kosa, lakini kanuni inakataza kupiga hewani tu. Mpira uliodunda unaweza kuufuata ndani wakati wowote, na unaweza kusimama humo upendavyo.

Ingia kwa mguu wa upande ulipo mpira. Hatua moja ndefu, unatangulia kisigino kisha unyayo, goti linajikunja bila kupita vidole sana, na mguu wa nyuma ubaki nje ya mstari kila inapowezekana. Tua kwanza, halafu piga. Ukifuata mpangilio huo, uzito umekwenda mbele kisha umesimama, na mpira unapata ulaini unaoutaka. Ukipiga huku ukitua, ile mita moja kwa sekunde tuliyoihesabu inaingia kwenye padeli, na kwa kuwa umesogea karibu na wavu, nafasi ya kukosea imepungua zaidi.

Kurudi ndiko kunakosahaulika. Aliyeuacha mguu wa nyuma nje ya mstari anarudi kwa msukumo mmoja. Aliyeingia na miguu yote anahitaji hatua mbili au tatu, na mpinzani mwenye macho atampigia mpira wa kasi mwilini akiwa bado ndani. Hapo hawezi kuupiga hewani kihalali: kanuni inataka miguu yote miwili iwe imegusa chini nje ya jikoni kabla hajapiga hewani. Mguu mmoja nje hautoshi, na mstari wenyewe ni sehemu ya jikoni.

Kwa mpira wa kudaka hewani hali ni nyingine, na hapo ushauri wa kutulia ndio unaotawala. Unaweza kuegemea mbele juu ya jikoni, lakini usiguse chini ndani yake. Na kanuni ni kali: ukibebwa na mwendo wako ukakanyaga ndani baada ya pigo, ni kosa, hata kama mpira umekwisha kufa ng'ambo. Kofia ikianguka ndani kwa sababu ya mwendo huo, ni kosa pia. Mwenzako aliye nje ya jikoni anaruhusiwa kukuvuta shati usianguke ndani, jambo ambalo linapendeza kuliona, lakini si la kutegemea. Egemea kwa kuinamisha mwili kutoka vifundo vya miguu na magoti, nyonga zibaki nyuma ya vidole. Nyonga zikivuka vidole, mguu utafuata tu.

Mpira mrefu miguuni

Huu ndio mpira ambao ushauri wa kung'ang'ania mstari unaumiza. Mpinzani anapeleka dinki ndefu inayokuja kudunda karibu na vidole vyako. Ukiweza kuudaka hewani kabla haujashuka chini ya magoti, fanya hivyo. Unamnyima muda na unabaki mahali pako. Usipoweza, rudi nyuma. Kurudi kwenyewe kuwe kwa kufungua nyonga: mguu mmoja unakwenda nyuma kwa mshazari, uzito unakaa juu ya mguu huo, mpira unadunda na kuinuka mbele yako, unapiga, kisha unarudi mstarini mara moja. Dinki iliyopigwa uzito ukiwa kwenye mguu wa nyuma ni halali kabisa, na mara nyingi ni bora kuliko ile ya kulazimisha mbele huku mpira ukikuchoma vidoleni. Sharti lake ni lilelile, mguu uwe umetua na mwili umesimama.

Jambo moja nalisema kwa msisitizo: usirudi kwa kutembea kinyumenyume na visigino. Watu wengi huanguka hivyo na kuvunjika kifundo cha mkono au kugonga kisogo. Geuza nyonga kwanza, kila mara, hata kwa hatua moja. Na viatu viwe vya uwanja, vyenye soli bapa na pembe imara. Viatu vya kukimbilia vina soli ya juu na laini, vimetengenezwa kwa kwenda mbele, na ukivikanyagia breki ya ubavu kifundo cha mguu kinageuka.

Kuhusu mwenzako ni fupi: mpira ukienda kulia, nyote mnasogea kulia. Kila mmoja anasimamia takriban mita tatu za upana, na anayebaki alipo huku mwenzake amevutwa pembeni anaacha mlango wazi katikati.

Namna ya kuijenga miguu

Anza bila padeli. Mwenzako asimame ng'ambo ya wavu akurushie mipira kwa mkono kutoka chini, kushoto, kulia, mifupi na mirefu, nawe uidake baada ya mdundo, kwa mkono mmoja, mbele ya mwili, chini ya goti. Kila ukidaka, ganda kwa sekunde moja. Kama huwezi kuganda, mguu wa nje ulichelewa. Zoezi hili linauondoa mkono kwenye hesabu, na mtu anagundua haraka kwamba shida ilikuwa chini ya kiuno.

Kisha fanya hivyohivyo na padeli. Piga dinki, na ugande hadi mpira wako udunde ng'ambo. Bila shaka kwenye mechi huwezi kuganda hivyo, ni njia ya kupima tu. Ukiona unayumba mbele baada ya kupiga mpira mfupi, au nje baada ya mpira wa pembeni, umejua ni hatua ipi ya kurekebisha. Ukishaweza kuganda mara nyingi mfululizo, badilisha: sasa badala ya kuganda, sukuma kurudi kati mara tu baada ya kugusa, ufanye kiruko kabla mwenzako hajapiga. Chezeni mshazari tu, kutoka kona hadi kona, kwa sababu huko ndiko miguu inakofanyishwa kazi.

Halafu weka simu chini, nyuma yako kidogo, ikurekodi kuanzia kiunoni kushuka. Usijali mpira unakwenda wapi. Simamisha video kila padeli inapogusa mpira, na utazame mguu wa nje: kama kisigino bado kiko hewani, mwili wako ulikuwa bado safarini.